Saa Janja ya Chapakazi

Vijana wangu, karibu kila wiki mmoja wenu hunisimamisha njiani hapa Bariadi, ananyoosha mkono, ananionyesha kitu cheusi kinachowakawaka, kisha anauliza kama pesa yake imekwenda sawa. Mnaniuliza mimi kwa sababu nilitengeneza saa miaka mingi pale kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, karibu na soko. Nilikuwa na meza ya kioo, kibano, na lenzi niliyokuwa naibana jichoni mpaka ikaniachia duara ambalo wajukuu wangu wanadhani ni ugonjwa. Niliacha kazi mkono ulipoanza kutetemeka. Skrubu ya saa ya kike ikiruka mezani unaweza kuitafuta wiki nzima, na zangu zilikuwa zinaruka kila siku.

Mnataka kujua ipi ina faida kuvaa, saa janja au saa ya mshale. Nitawajibu, ila msitegemee jibu la neno moja. Mtu aliyewahi kumfungia maksai saa mguuni hajibu swali hilo kwa neno moja.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Rajabu, mtu wa Tabora aliyekuja huku msimu mmoja wa pamba na hakurudi tena kwao. Alinikataza mambo mawili. La kwanza, usipulize ndani ya saa kwa mdomo, maana pumzi ina maji na baada ya mwezi utakuta kutu. Nilipuliza, nikaikuta kutu, nikaamini. La pili, usifungue saa kabla hujautazama mkono wa mwenye saa. Mkono wa jasho huozesha mfuniko wa nyuma. Mkono wa mtu wa kiwanda cha kuchambua pamba huleta nyuzi zinazoingia mpaka kwenye magurudumu. Anayeongea kwa kurusharusha mikono, saa yake ya kujijaza haisimami hata siku moja.

Hata hivyo nilikosea sana. Mzee mmoja wa Sola aliniletea saa nzuri ya kujaza, akauliza kwa upole kwa nini ikifika saa moja mshale unasimama kwenye saba. Nilijaribu kumweleza habari za Wazungu, akaniuliza kama yeye ni Mzungu. Nikauzungusha mshale, nikauweka kwenye moja, akaondoka ameridhika. Mwezi uliofuata akamwazima mkwewe saa ile kwa safari ya Mwanza. Mkwe akaamka alfajiri, akasoma saa kama watu wote wanavyosoma, akaona ni mchana na basi la asubuhi limeshaondoka. Akarudi kulala. Basi likaondoka kweli, likamwacha. Fundi Rajabu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akaniambia kwamba siku nyingine mtu akitaka nimbadilishie saa, nimuulize kwanza nani mwingine ataisoma.

Lile onyo lilinipitia sikio moja, likatokea la pili.

Saa janja zilipoanza kuingia Bariadi niliifungua moja kwa kisu cha moto, maana imegandishwa kwa gundi. Ndani sikukuta gurudumu hata moja, wala springi, wala kitu cha kuheshimu. Nilimrudishia mwenyewe nikamwambia humo hamna mtu. Lakini sizichukii. Mama mmoja anayeuza kanga sokoni anavaa saa janja inayomtikisa mkono asubuhi na jioni ameze dawa za presha, na anasema inamkumbuka kuliko mume. Saa ya mshale haiwezi hilo. Saa ya mshale ukishaijaza unaivaa na kuisahau, nayo inakusahau. Saa janja inataka umeme kama simu, inataka mtandao, na inataka ngozi. Huo mwanga wa kijani mnaouona chini yake unatafuta damu inavyopita. Kama umeilegeza, au umeivaa juu ya shati, itakupa hesabu za uongo. Ikazeni kidogo, juu ya mfupa wa kifundo cha mkono, na mfute jasho kila jioni.

Sasa niwaambie nilivyojifunza hayo ya ngozi.

Rafiki yangu Maduhu ni mkulima wa Migato, kule Itilima. Tulikua pamoja. Alifiwa na mkewe miaka michache iliyopita, wakati wa mvua kubwa, mtandao ukiwa umekatika. Binti yao wa pekee, Kabula, anafanya kazi ofisini Dar es Salaam, na habari zilimfikia siku ya tatu. Alifika mama yake amekwisha kuzikwa. Tangu hapo Kabula akawa na hofu moja tu, kwamba na baba yake ataondoka hivyo hivyo, yeye akiwa hana habari. Krismasi iliyofuata alikuja na saa janja yenye laini yake ya simu ndani, akamvalisha baba yake mkononi. Akamweleza kwamba kila moyo unapopiga, na kila hatua anayotembea, yeye ataona kwenye simu yake huko Dar.

Maduhu alikubali kwa sababu alimpenda mtoto. Lakini ile saa ilimsumbua. Ilimtikisa akiwa amekaa na wageni, kumwambia asimame. Ilimtikisa akiwa kanisani, kumwambia avute pumzi. Jioni Kabula alipiga simu, akisema baba leo umetembea kidogo, baba jana usiku ulikuwa macho. Maduhu alilalamika kwangu kwamba alioa mara moja, na mke wake katika miaka yote hakuwahi kumuuliza hatua.

Siku moja akaja hapa mjini na kamba ya katani mfukoni. Alikuwa ameifunga fundo sehemu mbili, akaniambia anataka mkanda wa urefu ule. Nikaitazama kamba, nikamuuliza ni mkono wa nani.

"Wa Chapakazi," akasema.

Chapakazi ni maksai wake mwekundu, anayevuta plau upande wa kushoto. Maduhu alieleza mpango wake bila kucheka. Maksai hutembea kuanzia alfajiri mpaka jua kali, na hana wageni wala ibada ya kukatiza. Mtoto atafurahi, na baba atapumzika. Nami, vijana wangu, badala ya kumkatalia, nilianza kufikiria ngozi gani itafaa. Nilikuwa nimestaafu. Hakuna aliyeniomba kazi ngumu kwa muda mrefu. Nilishona mkanda mzuri kuliko wote niliowahi kushona, wa ngozi ya ng'ombe yenye tabaka mbili, nikaenda nao Migato mwenyewe. Saa ilikataa kusoma kwa sababu ya manyoya. Nikaomba wembe, nikamnyoa Chapakazi mguu wa mbele, sehemu ya upana wa kiganja. Mwanga wa kijani ukatulia, na saa ikaonyesha moyo. Tukapeana mikono kama watu waliomaliza kujenga daraja.

Miezi miwili iliyofuata ilikuwa ya raha. Asubuhi Maduhu alimfunga Chapakazi saa, jioni akaivua na kuichaji. Saa ilimpongeza Chapakazi kila siku. Kabula alipiga simu kwa furaha, akasema daktari mmoja anayefahamiana naye ameangalia zile hesabu na kusema huo ni moyo wa mwanariadha. Wenzake wa ofisini wakaanza kutembea wakati wa chakula cha mchana, kwa aibu ya kushindwa na mzee wa Itilima. Alimuuliza baba yake kama kweli analima mwenyewe kutwa nzima.

"Tunalima," Maduhu alimjibu, na hapo hakudanganya.

Kisha ikafika siku ambayo Maduhu alikuja kunisalimia hapa Bariadi. Alikuwa ameacha simu yake dukani kule Migato ipate chaji, na Chapakazi akiwa malishoni na saa yake mguuni. Tulikula, tukaongea, mchana ukaingia. Hatukujua kwamba Chapakazi ameingia lamboni kunywa maji, na kwamba ile ngozi yangu ya tabaka mbili, ikilowa, hulegea. Mkanda ulimtoka mguuni. Saa ikadondoka, ikazama.

Saa zile zina ufundi wa kujua mtu akianguka. Ile ilipeleka habari Dar es Salaam kwamba baba ameanguka, kwamba hasogei, na kwamba moyo haupigi. Ikaongeza na ramani ya mahali alipo, katikati ya lambo la Migato.

Kabula alimpigia baba yake, simu haipatikani. Akampigia baba yake mdogo, Nkwabi. Nkwabi akakimbia lamboni, akaita jina la kaka yake, akajibiwa na vyura. Ndani ya muda mfupi kijiji kizima kilikuwa ukingoni. Kwa bahati alikuwepo mfanyabiashara wa samaki kutoka Lamadi aliyekuja kuuza dagaa, na kwenye pikipiki yake alikuwa na wavu aliokuwa akiupeleka kwa mteja. Akajitolea kwa heshima zote. Wavu ule ulitandazwa, wanaume wakashika kamba pande mbili, wakaanza kulikokota lambo kumtafuta Maduhu.

Mimi na Maduhu tulifika kwa bodaboda wakati huo huo. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, naye alikuwa amevaa koti langu la mvua, kofia yake imeshuka mpaka machoni. Tukaona watu, tukashuka. Tukamuuliza mwanamke mmoja kuna nini, akasema bila kugeuka, macho yote majini, kwamba Maduhu amezama.

Migato ina Maduhu wawili, yeye na Maduhu wa mashine ya kusaga. Sote wawili tukajua ni yule wa mashine. Rafiki yangu alishika kichwa. Alisema juzi tu wamesaga naye, na hakumsalimia vizuri. Akateremka ukingoni machozi yakimtoka, na Nkwabi, aliyekuwa analia bila kumwona mtu, akampa ncha ya kamba. Maduhu akashika kamba akavuta. Mimi nikashika nyuma yake. Tulivuta kwa moyo, vijana wangu. Namwona mpaka leo, amekaza meno, anajivuta mwenyewe kutoka majini.

Wavu ulitoa kwanza buti moja la mpira. Ukatoa sufuria. Ukatoa jembe ambalo majirani wawili waliacha kusalimiana kwa ajili yake, kila mmoja akimtuhumu mwenzake, na sasa wote wawili walilitazama kisha wakatazamana. Mara ya nne wavu ulitoa saa.

Nkwabi aliiokota. Maji hayakuiingia, kioo kilikuwa kinawaka. Akaushika mkanda kwa mikono miwili, akaona ulivyo mrefu, mrefu wa kuzunguka mguu wa meza ya ibada. Akaketi kwenye matope.

"Kaka yangu ameshavimba," akasema.

Wanawake wakaanza kulia. Ndipo Maduhu alipokiona kile kitu, akavua kofia ya koti.

"Nkwabi, hiyo ni ya Chapakazi," alisema. "Ina kazi gani kwenye msiba wa Maduhu?"

Watu wakamtambua, wakadhani ni mzimu. Muuza samaki alikuwa wa kwanza kukimbia, maana hakuwa mwenyeji na hakutaka mambo ya watu. Wengine walirudi nyuma hatua mbili tatu. Maduhu wa mashine alitokea katikati ya umati, mzima, amejaa unga, naye alikuwa amekuja kuvuta kamba. Nkwabi alisimama polepole, akamgusa kaka yake shavuni kwa kidole kimoja chenye tope, kama mtu anayejaribu ugali kama umeiva. Kisha akampiga kofi. Kisha akamkumbatia.

Ilibaki shida moja. Kabula alikuwa tayari ameshapanda ndege kwenda Mwanza. Tulimpigia, hakupatikana. Tukaendelea kupiga, sote tumekaa nyumbani kwa Maduhu, majirani wakiwa hawataki kuondoka kwa sababu chakula cha msiba kilikuwa kimeshaiva. Mwishowe simu ikaita. Aliyekuwa nayo ni Nkwabi, na alikuwa amechoka mno kuchagua maneno.

"Kabula, amepatikana," alisema.

Tulimsikia akivuta pumzi. Akasema asante, baba mdogo, akazima simu. Haikupatikana tena.

Nkwabi alibaki ameishika ile simu. Sote tulielewa alichoelewa mtoto. Kutoka Mwanza kuja Migato ni safari ndefu, na safari nzima angekaa peke yake kwenye gari la kukodi akiwa na lile neno. Ndipo Maduhu alipoacha kucheka. Tangu lamboni alikuwa akicheka kichinichini kila alipokutana na macho yangu. Sasa aliniambia hawezi kuwa wa kwanza kuonana naye. Akaingia ndani, akakaa kitandani, akaniomba niseme mimi.

Sikubishana. Mkanda ulikuwa wangu.

Kabula alifika usiku umeshaingia. Alishuka amevaa nguo za ofisini, kanga aliyoazima njiani imefungwa kiunoni. Alipiga magoti akatusalimia wazee, mmoja mmoja, bila kuruka mtu. Alipofika kwangu aliuliza wamemlaza wapi.

Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Niliyoweza kusema ni haya: "Yuko chumbani, anakunywa uji. Ile saa tulimvalisha maksai, mimi ndiye niliyeshona mkanda. Nisamehe, mwanangu."

Alinitazama usoni. Nadhani alikuwa anatafuta kama nimelewa. Kisha akainuka, akaingia ndani, nami nikamfuata mpaka mlangoni kwa kuogopa lolote.

Maduhu alikuwa amekaa na bakuli mkononi. Alisema, "Ng'wanawane," yaani mtoto wangu. Kabula hakulia wala hakumfokea. Alimnyang'anya bakuli, akaliweka chini, akaushika mkono wa baba yake. Akaweka vidole viwili pale mshipa unapopiga, akafumba macho, akahesabu. Alihesabu mpaka uji ukaanza kufanya utando juu.

"Mama nilimkosa kwa siku tatu," alisema, macho bado yamefumbwa. "Wewe nimekuzika leo tangu Mwanza mpaka hapa."

Maduhu akamwambia ukweli wake wote hapo, nami niliusikia. Kwamba saa haikuwa nzito mkononi. Kilichokuwa kizito ni kwamba kila simu iliyoingia ilikuwa ya hatua na usingizi. Mtoto alijua moyo wa baba unavyopiga, lakini hakuwahi kuuliza mvua imenyesha kiasi gani, wala kaburi la mama limepaliliwa na nani. Alisema alimpa Chapakazi ile saa kwa sababu mambo yaliyokuwa yanaulizwa yalimhusu Chapakazi zaidi.

Hapo ndipo Kabula alipolia. Kisha akauliza kaburi limepaliliwa na nani, na Maduhu akamwambia ni yeye mwenyewe, kila Jumamosi. Nikawaacha.

Alikaa wiki nzima. Watu walikula chakula cha msiba kama cha sikukuu, na muuza samaki alirudi siku ya pili kufuata wavu wake, akamsalimia Maduhu kwa mbali kwa Kisukuma, mwadila, huku pikipiki ikiwa inaunguruma.

Basi, jibu langu ndilo hili. Kama unataka kujua saa ni saa ngapi, nunua ya mshale, haitakuuliza kitu. Kama unanunua saa janja kwa ajili yako, ivae, ikaze vizuri, itakusaidia. Lakini kama unaipeleka kwa mzazi, mkubaliane kwanza nani ataisoma na mtaongea nini mkishaisoma. Hili nililipuuza mimi, fundi, tena nikiwa nimeonywa.

Siku ya kuondoka Kabula aliomba saa yake. Tulidhani ataitupa. Akaukata mkanda wangu, akaweka mwembamba, akaivaa mwenyewe. Kisha akamwachia baba yake simu kubwa, akamwonyesha pa kubonyeza, na tangu siku hiyo ni Maduhu, akiwa Migato, anayeuona moyo wa Kabula. Ameichukulia kazi hiyo kwa uzito kuliko shamba. Humpigia ofisini kumwambia amekaa tangu asubuhi, asimame, na binti husimama katikati ya kikao. Humuuliza kwa nini jana hakulala.

Hivi karibuni alikuja kwangu na wasiwasi mkubwa. Alisema siku zote moyo wa mtoto uko sawa, isipokuwa Jumatatu. Jumatatu asubuhi unapiga mbio kama wa mtu anayefukuzwa na fisi. Akaniuliza huko ofisini Jumatatu kuna nini. Nilimwambia sijui, sijawahi kuajiriwa.

Alhamisi iliyopita alipanda basi la Dar es Salaam. Amebeba karanga, asali, na fimbo, na amesema Jumatatu atakuwa amekaa pale mlangoni mwa ofisi kabla hawajafungua.